Toleo la Nne Sikulisoma

Sofia, 10 Februari

Dada yangu mpenzi Nevena,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Mimi na Ralitsa tunaendelea vizuri, isipokuwa mke wangu kikohozi kimemng'ang'ania tangu mwaka mpya na hataki kwenda kwa daktari. Anakunywa chai ya mlimani tu, mpaka nyumba nzima inanuka majani. Je, wewe hujambo? Na mama, mguu wake unaendeleaje? Mwambie chupa zake za pilipili hoho za kusaga zimefika, na mbili zimekwisha, wala asiniulize zimekwishaje.

Ama baada ya salamu, nina ombi, nawe umekwisha kulijua kabla sijalisema. Nimetuma barazani, kule mtandaoni kwa wajenzi wa kerneli, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, toleo la tatu la kiraka changu, yale marekebisho niliyoyaandika. Ni kile cha sehemu uliyonifundisha wewe mwenyewe: programu inapougusa ukurasa wa data ambao haumo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kerneli inaisimamisha, inakwenda kuuchukua ukurasa kwenye diski, inauweka mahali pake, kisha programu inaendelea na kazi bila kujua kwamba ilisimamishwa. Nimepunguza muda ambao kufuli la kumbukumbu linashikiliwa na programu moja. Sasa programu nyingine hazipangi foleni nyuma ya mwenzao anayengoja diski. Kampuni yetu ina seva nyingi sana na faida yake tutaiona. Bosi wangu Plamen ananiuliza habari zake kila asubuhi, kabla hata ya kahawa.

Unawajua wazee wa barazani. Jina langu bado ni changa. Kiraka changu watakisoma wakipata nafasi, yaani mwakani. Lakini wakiona chini yake pameandikwa "Imesomwa na Nevena Karadzhova," mzee Eberhard atakipokea siku hiyohiyo. Nakuomba ukisome, dada. Halafu nimesikia kwamba Eberhard anatafuta mtu wa kumwachia utunzaji wa sehemu yote ya kumbukumbu, maana macho yameanza kumsumbua. Barazani kila mtu anajua ni nani anayefaa. Mimi sisemi kitu, napita tu.

Mbusu mama.

Mdogo wako,
Yavor


Gabrovo, 14 Februari

Mdogo wangu Yavor,

Salamu zako zimefika na zimetukuta wazima. Mguu wa mama unapanda ngazi siku ukitaka, na siku nyingine unagoma kama mfanyakazi wa reli. Mwambie Ralitsa aende kwa daktari. Chai haijapata kumponya mtu aliyeamua kukohoa.

Leo ni siku ya Mtakatifu Trifon. Majirani wote wako mashambani wanapogoa mizabibu, na kwa jinsi ninavyowasikia wakirudi, wamepogoa kidogo na kunywa sana. Mimi nimemaliza kusahihisha mitihani ya wanafunzi wangu, nikakaa na kiraka chako. Nimekisoma chote, halafu nikakiendesha kwenye mashine yangu mpaka feni ikalia. Ni kizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kizuri, si kwa sababu nilikubadilisha nepi.

Jambo moja tu nataka ulishike. Ukiachia kufuli na kwenda kungoja diski, dunia haikungoji wewe. Mama akinituma stoo nimletee mgeni chupa ya pilipili, nikirudi lazima nitazame: aliyeomba bado amekaa pale? Huenda ameaga, na kiti amekalia mtu mwingine. Nikimimina bila kutazama, nimemmiminia asiyeomba. Kerneli nayo ni hivyohivyo. Wakati unangoja, programu inaweza kuirudisha ile sehemu yake ya kumbukumbu, nayo ikapewa mwingine. Kwa hiyo ukirudi na ukurasa mkononi, kagua kwanza kama mwenye mahali ni yuleyule. Katika toleo hili umekagua, na umekagua vizuri. Plamen atakuja kukwambia kwamba huo ukaguzi unakula muda. Mwache aseme. Sisi watu wa Gabrovo tunachekwa nchi nzima kwamba tulimkata paka mkia ili mlango ufungwe upesi na joto lisitoke. Tubane hivyo kwenye kuni, tusibane kwenye kumbukumbu.

Basi liweke jina langu kwenye toleo hili. Kanuni unaijua: jina la msomaji ni neno lake mbele ya watu wote. Ukibadilisha jambo la maana, unalitoa na kuomba upya.

Kuhusu Eberhard, ameniandikia kweli. Anasema nikikubali atalitangaza jina langu vuli. Yavor, miaka yote hii nimeifanya kazi hii kwenye meza ya jikoni baada ya kufundisha, sina kampuni nyuma yangu wala cheo, nina neno langu tu. Naitaka nafasi hii. Sijamwambia mtu mwingine, hata mama.

Dada yako,
Nevena


Sofia, 2 Aprili

Dada Nevena,

Hamjambo huko? Sisi wazima, na Ralitsa amepona. Daktari amempa dawa, na ametupa na habari nyingine ambayo nitakuja kuwaambia kwa mdomo, kwa hiyo usianze kubashiri.

Kiraka kimepokelewa. Plamen amenunua keki kwa idara nzima na akanipa mkono mbele ya watu. Yalikuwapo marekebisho madogo madogo ya mwishomwisho, si mambo ya kukusumbua.

Jumapili ya Matawi tunakuja. Majina yetu wote wawili ni ya mimea, sherehe yake ni siku hiyo moja, itakuwa aibu kula samaki peke yangu Sofia. Mwambie mama asinunue, nitaleta mimi.

Asante kwa yote, dada. Bila wewe nisingefika.

Mdogo wako,
Yavor


Gabrovo, 11 Septemba

Yavor,

Natumaini u mzima, na Ralitsa na tumbo lake. Sisi hatujambo. Nimeandika hayo kwa sababu mama alitulea hivyo, sasa naingia moja kwa moja.

Jana daktari mmoja wa mifugo, Bi Fotini, wa maabara ya kaskazini mwa Ugiriki, aliandika barazani. Wanapima damu ya kondoo na mbuzi. Mwezi uliopita matokeo ya shamba moja yalijitokeza ndani ya taarifa ya shamba lingine. Hakuna aliyejua wakati ule. Kundi la mchungaji mmoja likachinjwa na kufukiwa kwa amri ya serikali, na wale kondoo hawakuwa na ugonjwa wowote. Wagonjwa wenyewe waliendelea kulisha kwenye malisho ya jirani. Fotini na mafundi wake wamefuatilia mpaka wamefika kwenye kerneli, kwenye kiraka chako. Ukurasa ulioombwa na programu moja uliwekwa mahali pa programu nyingine.

Eberhard akaniandikia: "Nevena, wewe ndiye uliyesoma. Ilikupitaje?" Nikasema haiwezekani, ukaguzi upo, niliuona kwa macho yangu. Nikafungua kumwonyesha. Haupo, Yavor. Kilichopokelewa ni toleo la nne. Umeung'oa ukaguzi wote, na chini yake jina langu limekaa kana kwamba nimelisoma na kuliridhia.

Toleo la nne sikulisoma. Hukunionyesha. Ulikaa mezani kwetu Jumapili ya Matawi, ukaniinulia glasi, ukaninyamazia.

Eberhard amekwisha kukiondoa kiraka, kwa hiyo upande huo watu wamepona. Ninachotaka kwako ni sentensi mbili, barazani, kwa jina lako: "Toleo la nne nililibadilisha mwenyewe. Nevena hakulisoma." Basi. Kosa la kazi linasameheka, kila mtu kule amewahi kuvunja kitu. Lakini kila mtu kule sasa anaamini kwamba nililisoma jambo hilo na nikaliridhia, na Eberhard atatangaza uamuzi wake mwisho wa mwezi. Andika leo.

Dada yako,
Nevena


Sofia, 12 Septemba

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa chooni kazini, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo Plamen hanifuati. Nisamehe hata salamu nazisahau. Hamjambo? Mama hajui, natumaini.

Ni kweli. Plamen alizitazama namba za toleo la tatu akasema hazitoshi. Nikakijaribu kiraka bila ule ukaguzi, maana kwenye majaribio yetu yote haukuwahi kukamata kitu hata mara moja. Nikajua moyoni kwamba hauna kazi. Na jina lako sikuliweka upya, dada, lilikuwa limekaa pale tangu toleo la tatu, mimi nililiacha tu. Nilijua kwamba ningekueleza ungekubali. Wewe hukuwahi kuninyima kitu tangu utoto.

Sasa nielewe na mimi. Plamen hajui kwamba nilibadilisha bila msomaji. Kwenye kampuni yetu hilo ni kosa la kufukuzwa, na wanasheria wamekwisha kuingia. Ralitsa ana mimba ya miezi saba. Nyumba tumeihamia juzi, rangi haijakauka. Wewe una kazi yako ya chuo, hakuna anayeweza kukuondoa pale. Ukisema ilikupita, watu watasema hata Nevena ni binadamu, na wiki ijayo watasahau. Mimi wakinisema, sina pa kwenda.

Lakini usihofu. Damu ni nzito kuliko maji. Ijumaa nitaandika barazani na nitayaweka mambo sawa kwa namna isiyomuumiza mtu.

Mdogo wako anayekupenda,
Yavor


Gabrovo, 19 Septemba

Yavor,

Umeandika, kweli. Nakunukuu, ili usije ukasema nimekuongezea: "Mabadiliko ya toleo la nne niliyajadili na dada yangu kwa mdomo, nyumbani kwa mama yetu, kwenye chakula cha Jumapili ya Matawi, naye akaridhia. Kwa kuwa sisi ni ndugu, hatukuona haja ya kulirudia jambo hilo kwa maandishi."

Nilikuwa nimesimama dirishani niliposoma. Nikaenda kuifungua barua yako ya Aprili, nikatazama tarehe.

Wewe unakumbuka tulichoongea siku ile? Mimi nakumbuka. Tuliongea juu ya paa la mama linalovuja upande wa kaskazini. Ulituambia Ralitsa ana mimba, mama akalia, mimi nikalia, nikakukumbatia mpaka ukasema nakuvunja mbavu. Kiraka hakikutajwa. Na kiraka kilikuwa kimepokelewa siku nyingi kabla ya chakula hicho, umeshindwa hata kupanga tarehe za uongo wako. Nilidhani angalau mtu mmoja barazani angelihesabu hilo. Hakuna aliyehesabu. Nani atakaa kukagua maneno ya mtu anayemtaja mama yake?

Niliwajibu palepale kwamba si kweli, tarehe nikawawekea. Ukawaona. Mmoja akasema ugomvi wa familia usiletwe barazani. Mwingine akasema ndivyo inavyokuwa ndugu wakisomeana kazi. Na Eberhard ameniandikia pembeni, kwa upole, na upole wake ndio ulioniua: "Sijui nimwamini nani kati yenu, na mtunzaji ni mtu ambaye neno lake haliulizwi mara mbili." Nafasi atampa mwingine. Ni mtu mzuri, namjua, atafanya kazi vizuri. Mimi huwa nampigia makofi tangu zamani, na safari hii pia nitampigia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kama angefanya hivi mtu baki, ningekasirika, ningelala, asubuhi ningeamka na kazi zangu. Lakini wewe ndiye niliyekuketisha kwenye meza hii hii, una miaka kumi na minne, nikakuonyesha ukurasa unavyokwenda na kurudi, ukacheka ukasema kerneli ni mama, anakuletea kitu bila wewe kujua alihangaika wapi. Umenisingizia uongo kwa jina la meza ile. Umeniumiza, Yavor. Sina neno zuri zaidi la kulisemea jambo hili.

Mama ameambiwa na Ralitsa. Anasema, "Mwachie mdogo wako, ana mtoto njiani. Wewe huna wa kulisha." Alikuwa anamenya viazi, hata hakuinua kichwa. Nikamuuliza, "Mama, ulinisikia nikiridhia chochote siku ile?" Akasema, "Mimi naelewa nini katika mambo yenu ya mashine? Nyamazeni wote wawili." Nimenyamaza kwake. Kwako sijanyamaza. Zile sentensi mbili bado nazingoja.

Dada yako,
Nevena


Gabrovo, 8 Oktoba

Yavor,

Sijapata jibu. Natumaini Ralitsa anaendelea vizuri, mpe salamu zangu, yeye hana kosa.

Jina la mtunzaji mpya limetangazwa. Zile sentensi mbili hazitanirudishia nafasi hiyo, najua, wala siziombi kwa ajili hiyo tena. Nataka tu siku moja mtu akifungua kumbukumbu za baraza aone kwamba sikuyasema niliyosingiziwa.

Bado naangalia sanduku la barua kila nikitoka darasani.

Dada yako,
Nevena


Sofia, 16 Novemba

Dada mpenzi, dada wa pekee,

Mungu ametupa binti. Amezaliwa juzi, mzima, ana sauti ya kumwita mtu kutoka mtaa wa pili. Ralitsa amechoka lakini hajambo. Nywele za mtoto ni nyeusi, na akikunja uso kwa hasira, kila mtu hospitalini anacheka nikiwaambia amemrithi nani.

Tumemwita Nevena. Ralitsa alikubali mara moja. Nilitaka ujue kwamba katika yote yaliyopita, hakuna mtu ninayemheshimu duniani kama wewe, na hili litaonekana kila siku ya maisha yake. Mama alilia kwenye simu. Anasema sasa lazima mpatane, hakuna namna.

Najua sikukujibu. Kila nikianza, mkono ulikuwa mzito. Yaliyopita si ndwele, dada, tugange yajayo. Zile sentensi siwezi kuziandika. Mwanasheria wa kampuni amenikataza kabisa kusema lolote jipya. Ingekuwa mimi peke yangu, ningeziandika jana.

Lakini kazi naweza kuitengeneza. Nimetuma kiraka upya, ni toleo la tano. Ukaguzi nimeurudisha, kama ulivyonifundisha, na bado kasi tumeipata karibu yote kwa njia nyingine. Watu wengi wanakisubiri, si kampuni yangu tu. Tatizo ni kwamba barazani hakuna anayetaka kugusa kitu chenye jina langu. Kimekaa wiki nzima bila hata swali. Wakikuona wewe umekisoma, yataisha yote. Watajua kwamba kati yetu hakuna neno.

Kisome, dada. Na uje umwone mtoto.

Mdogo wako daima,
Yavor


Gabrovo, 20 Novemba

Kwa Bwana Yavor Karadzhov,

Nimelisoma toleo la tano, mstari kwa mstari, na nimeliendesha. Ukaguzi umerudi mahali pake. Niliijaribu ile hali ya Ugiriki, programu iliyoomba inaondoka wakati diski inangojwa, nyingine inakalia mahali pake, nikairudia kutwa nzima. Ukurasa haukuwekwa pasipo pake. Njia mpya ya kupunguza muda wa kufuli ni safi, mimi nisingeifikiria. Kazi sahihi ni sahihi hata ikiandikwa na mwongo, na watu wanaihitaji. Nimekwisha kuandika barazani kwamba nimesoma. Jina langu linahusu toleo hili tu. Ukibadilisha hata mstari mmoja, lifute.

Usinitumie kingine cha kusoma. Vya wengine nitasoma.

Kuhusu mtoto, nimefurahi kwamba ni mzima na kwamba mama yake ni mzima. Nimemfumia soksi, mama atazileta. Mimi sitakuja.

Jina umelichukua tena bila kuniuliza. Safari hii sitaomba ulitoe, maana aliyenalo hajamkosea mtu. Lakini atakua, na watoto wote huuliza walipata wapi majina yao. Siku hiyo utamwambia hivi: ni jina la shangazi yako, aliyenifundisha kazi, nami nikamsingizia uongo mbele ya watu waliokuwa wakimwamini. Umwambie yote, kwa mdomo wako, wala mwanasheria asiwepo.

Ukijiona huwezi kumwambia hivyo, mtoto bado ni mchanga na jina hajalizoea. Mtafutieni jingine.

Nevena Karadzhova